Mwanga Anaingia kwa Tundu la Msumari

Baba Wakesho,

Jina hilo ni lako, ingawa hukuwahi kulisikia. Hapa landhi, kwenye nyumba hizi za wafanyakazi wa reli, sasa naitwa Mama Wakesho, na kila nikiitwa nageuka kidogo, kama kwamba kuna mtu nyuma yangu anayepaswa kuitika pamoja nami.

Ni msichana. Alikuja alfajiri, gari moshi la kutoka Mombasa likipiga filimbi kule darajani, na habari ilipofika Mghange kule mlimani mama yako alirudisha neno moja tu: Wakesho. Kwenu mtoto wa kike wa asubuhi ndilo jina lake, kama wewe wa usiku ulivyoitwa Mwakio. Mtu wa usiku, ukapewa kazi ya taa za stesheni. Ulikuwa ukisema wazee walikuona mbali. Mtoto ana meno mawili ya chini, ana masikio yako yaliyosimama kama ya mbuzi aliyesikia jambo, na kitu chochote kinachong'aa anakikodolea macho mpaka mate yanamtoka. Kijiko. Kifungo. Jicho la kuku.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Kidawida chako sikuwahi kukimaliza, na kwa Kitaveta changu wewe ulijua matusi na majina ya ndizi tu. Mkono wangu ni ule ule wa misheni, kitabu cha kwanza na nusu ya cha pili, kabla vita havijatutoa Taveta. Utanivumilia. Ulinivumilia kwa mengi.

Mama yako yuko hapa. Alishuka Jumamosi kwa gari moshi la Taveta, alilipandia Mwatate, amebeba kikapu cha viazi vitamu na shingo imenyooka vile vile. Hakuja kututembelea. Alikuja kumchukua Wakesho. Aliyasema hayo kabla hajamaliza maji niliyompa, na aliyasema kwa Kiswahili ili nisije nikasema sikuelewa:

"Nyumba hii ina mwanga. Alimla mwanangu. Huyu hatamla."

Hakuwa anasema mwanga wa jua, mume wangu. Alikuwa anasema mwanga wa usiku, mchawi yule anayetembea uchi miguu juu na kugonga milango ya watu.

Nilipokea kikombe, sikubisha. Ng'ombe wa mahari ulitoa, mtoto ni wa kwenu, na hapa stesheni hakuna mzee ambaye angesimama upande wangu. Wangesema pole, mama, mpe bibi yake. Na bado ananyonya, Mwakio. Akiamka anatafuta ziwa kabla hajafungua macho.

Lakini lilikuwepo jingine, na hilo nililisikia kwa Bi Mwanahamisi, jirani yetu wa Mombasa, si kwa mama yako. Kule juu Mghange hawasemi tu kwamba mwanga alikula mtoto wa watu. Wapo wanaosema mwanga mwenyewe ulikuwa wewe. Ndiyo maana mama yako hajalia tangu afike. Anakaa mlangoni mikono imefungwa kifuani, kama mtu anayelinda kitu kisichukuliwe, na kitu kilikwisha kuchukuliwa zamani.

Na neno lililoleta haya yote lilitoka kinywani mwako. Sikulaumu. Nataka tu tulikumbuke pamoja, kwa sababu nikilikumbuka peke yangu linanilemea.

Unakumbuka joto la siku zile. Ulikuwa ukiwasha taa jioni na kuzikusanya asubuhi, kwa hiyo mchana ndio ulikuwa usiku wako. Ukatundika gunia dirishani, ukaziba ufa wa mlango kwa nguo kuukuu, na mimi nikakutania kwamba nimeolewa na popo. Siku hiyo nilikuwa nje naanika nguo nikasikia unaniita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka ajue.

"Njoo, Mtaveta. Usifungue mlango sana."

Nikaingia. Macho yangu yalikuwa yamejaa jua, sikuona kitu. Kisha kidogo kidogo nikaona. Kwenye ule ukuta uliopaka chokaa mwenyewe walikuwako watu. Wadogo, hafifu, wa rangi, wanatembea, miguu juu. Mwanamke alining'inia amebeba debe na maji hayamwagiki. Leso nyekundu ya Bi Mwanahamisi niliitambua, ikipepea kuelekea chini. Mchanga wa uani ulikuwa juu kama dari, na mbingu, mbingu ya buluu kabisa, ilikuwa imelala chini kwenye sakafu yetu.

Nilikushika mkono. Nawe ulikuwa umeogopa, usinidanganye, niliusikia mshipa wako unavyopiga. Halafu ukainuka, ukaenda kwenye ukuta wa mabati ulioelekea uani, pale msumari mmoja ulipokuwa umedondoka, ukaweka kidole kwenye tundu. Watu wote wakatoweka. Ukaondoa kidole. Wakarudi na madebe yao, hakuna aliyejua kwamba umemzima na kumwasha.

Basi ukaacha kulala. Nilidhani utaugua wakati ule. Ukachukua uzi wangu wa kushonea, mwisho mmoja ukaufunga kwenye bomba la maji, ukaupitisha tunduni, ukauvuta mpaka ukutani ukakaza. Ukaniambia niangalie. Uzi ukiushika nje kwa juu, pale kilipo kichwa cha mtu, humu ndani unaangukia chini. Ukiushika nje kwa chini, penye nyayo, humu ndani unapanda juu. Ukasema hakuna aliyegeuzwa. Kila kipande cha mtu kinatuma mwanga wake, na mwanga haujui kupinda kona. Unajua njia moja tu, mbele. Unapita tunduni umenyooka, na ulioanza juu unamalizia chini.

Mimi nikakuuliza, na tundu ni dogo hivi, la msumari, mwanga wa watu wote hao na bomba na mti na mbingu unapitaje bila kugongana? Uliwaza mpaka chai ikapoa. Ulisema magari moshi mawili hayawezi kupita reli moja. La kutoka Mombasa lazima lisimame hapa Voi lingoje la kutoka Nairobi lipite, na wewe usimame na taa yako nyekundu. Mwanga hamngoji mwenzake. Mwekundu wa leso, wa buluu wa mbingu, wa nyayo, wa kichwa, wote wanapishana kwenye tundu moja wakati mmoja, na kila mmoja anatoka upande wa pili mzima, hana hata mkwaruzo. "Hao hawahitaji mtu wa taa," ulisema, na nilisikia kwamba unaona wivu kidogo.

Nilikuwa nakusahihisha, nakumbuka. Mwanga unapita, si anapita. Wewe kila kitu ulikiita kama mtu. Gari moshi anakuja. Taa anawaka. Mvua amekataa. Nilikwambia misheni ungechapwa viganja. Ukanijibu kwamba kitu kinachosafiri hakiwezi kuitwa kama gogo. Kina kwao kilikotoka na kina kwake kinakokwenda, basi ni mtu. Na stesheni masta, yule Mhindi mzee, alikuwa amekwambia kwamba mwanga wa jua una safari, unaondoka kule na kukaa njiani kabla haujatufikia. Ulirudi nyumbani umeduwaa. Ulisimama mlangoni na kopo la mafuta ya taa mkononi ukasema, "Jua unayemwona saa hii ni wa muda uliopita. Wa saa hii bado yuko njiani."

Halafu ile siku yako.

Nilikuwa na mimba tayari, changa, nalala sana. Ulinifungia ndani gizani, ukaniambia nitazame ukutani. Nikakuona unaingia pichani kutoka pembeni, miguu juu kama wote. Ukasimama karibu na bomba. Ukainama. Halafu, Mwakio, ukageuka. Ukasimama kwa mikono katika mchanga wa moto, miguu hewani, na ukutani kwangu, kati ya watu wote wale walioning'inia, wewe peke yako ukawa umesimama sawasawa. Mdogo kama kidole changu. Sura sikuiona, tundu lile halitoi sura. Lakini nilijua ni wewe, kwa sababu ulikuwa unayumba kwa kucheka.

Kisha ukatembea. Kwa mikono. Ukutani ukaja kama mtu anayetembea juu ya mbingu.

Nilicheka mpaka nikalia. Na wanawake wote wa bombani, wao walikuwa wanaona nini? Wanamwona mume wa mtu, mchana kweupe, anatembea miguu juu.

Bi Mwanahamisi akakuuliza una nini, baba, umepigwa na jua? Wewe, kwa furaha, ukamjibu kwa Kiswahili chako cha reli:

"Mwanga anaingia kwangu kila mchana, Bibi. Anakuja na watu wengi, miguu juu. Karibu siku moja umwone."

Anaingia. Herufi moja. Laiti ungesema unaingia, mtu wa Mombasa angejua ni jua la Mungu. Ulisema anaingia, kwa hiyo akasikia mchawi, na miguu yako alikuwa ameshaiona hewani kwa macho yake. Alirudi nyuma na debe lake. Alisema kwa adabu, kama anavyosema yote, "Baba, mwanga hafugwi." Akaondoka. Maji aliyaacha yanamwagika.

Tulicheka siku nzima. Mwanga hafugwi. Ulikuwa ukinikumbusha nikipika, nikisuka, nikikasirika. Mwanga hafugwi, Mtaveta. Hatukujua neno limekwisha kupanda gari moshi, limeshuka Mwatate, limepanda mlima kwa miguu mpaka kwa mama yako.

Kisha ile homa iliyopita nchi nzima. Walikupeleka kwenye hema ng'ambo ya reli, kule kuteremkia mtoni, wakafunga kamba, wakasema mtu asivuke, na mjamzito asikaribie hata kamba yenyewe. Nguo hairuhusiwi kutoka. Barua hairuhusiwi. Chakula kinaingia, chombo hakirudi.

Ulikuwa na kioo chako cha kunyolea. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimesimama nje, nalitazama hema bila kujua natazama nini, ghafla nyota ikawaka mlangoni mwake. Mchana. Ikanipiga usoni, ikatoka, ikanipiga tena. Nilifumba macho na bado niliiona, nyekundu ndani ya kope. Nikajua. Walikuwa wamezuia kila kitu, lakini nani atazuia mwanga? Haubebi homa. Hauna mikono ya kushikwa. Ulikuwa umetoka juani, ukaguswa na kioo ulichoshika kwa mkono wako, ukanijia moja kwa moja bila kupinda. Nilisimama pale nikajiacha niguswe.

Kila asubuhi hivyo. Bi Mwanahamisi aliona ule mng'ao ukicheza usoni mwangu, akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi ya mwisho mwanga ulinipita usoni mara moja, ukapotea. Ukarudi. Ukapotea. Niliona vile majani yanavyowaka na kuzimika kando ya hema, karibu, karibu sana na wewe, kwa maana mkono ulikuwa hauwezi tena kuuinua mwanga mpaka kwangu. Nilisogea kulia, nikasogea kushoto, nikapiga magoti, niutafute mimi, nikuondolee hiyo taabu. Sikuupata.

Kesho yake jua lilitoka kama kawaida na mlango wa hema ulibaki kitambaa tu.

Unakumbuka ulivyonionyesha filimbi ya gari moshi linapokuja kwa mbali? Moshi mweupe unaruka kwanza, halafu ndipo sauti inafika. Macho yanajua kabla ya masikio. Dresa, yule mwuguzi wenu, alitoka hemani, akaja mpaka kwenye kamba, akavua kofia akaiweka kifuani, mdomo ukafunguka. Kabla sauti haijafika nilikuwa nimekwisha kujua. Ule muda mdogo kabla sauti haijafika, Mwakio, hapo katikati. Bado niko hapo mara nyingine.

Walikuzika wao. Nilitazama kwa mbali. Hata udongo sikuutia.

Wakesho akaja baada yako, muda si mrefu. Mlipishana tu, wewe ukitoka, yeye akiingia. Na aliyenikanda mgongo, aliyempokea mtoto kwa mikono yake, alikuwa Bi Mwanahamisi, aliyesema nyumba hii haingii. Aliingia akisoma dua kwa sauti toka mlangoni mpaka kitandani. Akanifungia mtoto kwa ile leso nyekundu. Hakuitaka tena, alisema imepata mwenyewe.

Sasa nikwambie la juzi.

Mama yako alikuwa ameshafunga nguo za Wakesho kwenye leso hiyo hiyo, fundo kubwa, limekaa kando ya mlango. Gari moshi la Taveta lilikuwa la keshokutwa. Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Sikumwomba aniachie mtoto. Nilijua akikataa nitakuwa sina tena kitu cha kusema. Nilimwambia, Mama, wewe umeambiwa nyumba hii ina mwanga. Kweli ina. Kaa naye mchana mmoja. Ukimwona humo ndani mchawi, au kivuli cha mchawi, mchukue mtoto nami nitakubebea fundo hili mpaka stesheni, sitafungua kinywa.

Alinitazama juu mpaka chini. Nadhani alitaka kujua kama nina wazimu. Akauliza kama atakaa peke yake. Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama nje anasikiliza, hakujificha hata kidogo. Akasema yeye atakaa na mwenzake, maana neno hili lilipitia kwake. Akachukua tasbihi. "Nikifa humu," alimwambia mumewe, fundi seremala, "oa mwenye adabu, usituaibishe." Mumewe akamjibu kwamba amekuwa akimtafuta siku nyingi.

Nikawakalisha kitandani. Nikashusha gunia, nikaziba ufa. Nikatoka na Wakesho, nikafunga mlango.

Jua lilikuwa kichwani. Nikasimama karibu na bomba, pale pale. Sikuweza kuona wanachoona wao. Ilibidi niufuate uzi wako kichwani, kutoka kwangu mpaka tunduni mpaka ukutani, na kuamini. Nikasikia dua ya Bi Mwanahamisi, haraka haraka, halafu ikakatika katikati. Kisha sauti ya mama yako, kavu, kutoka ndani:

"Inua mkono."

Nikauinua.

"Ule mwingine."

Nikabadilisha. Wanawake wa bombani walikuwa wameacha madebe yao wananitazama.

Mimi kusimama kwa mikono siwezi, unajua. Na ningeweza, nguo yangu isingeniruhusu. Kwa hiyo nikamshika Wakesho kiunoni kwa mikono yote miwili, taratibu, nikamgeuza kichwa chini. Alishangaa kwanza. Akautazama mchanga. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha tumboni, miguu yake midogo ikipiga hewa, nyayo zimeelekea juu kama zako.

Ndani hakukusikika kitu. Niliwaza, amekwisha. Ameona miguu juu, basi. Nimempoteza mtoto kwa mkono wangu mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mama yako alisimama anapepesa macho juani, akamtazama Wakesho, akanitazama mimi.

"Walisema Mwakio alitembea kwa mikono hapo nje," alisema. "Alikuwa anafanya hivi?"

Nikasema ndiyo, Mama. Mimi nilikuwa ndani, hapo ulipokaa. Alitaka nimwone amesimama.

Alirudia hilo neno peke yake, amesimama. Akashika mwimo wa mlango.

"Kumbe alikuwa anacheza na mke wake," alisema. "Mwanangu alikuwa anacheza."

Na hapo akalia. Alilia kwa Kidawida, maneno mengi sikuyajua, jina lako tu. Alikaa chini pale kizingitini na shingo yake ile ikainama, nami nikakaa kando yake na mtoto katikati yetu, tukalia wote mpaka Wakesho naye akaona heri alie. Bi Mwanahamisi alitupita pole pole. Alikuwa amekwisha kulia ndani, leso aliyojitanda ilikuwa imelowa. Akaenda bombani, na nikamsikia anawafundisha wenzake kama mwalimu: "Ni mwanga unaingia, enyi watu. Unaingia. Sikilizeni vizuri maneno ya watu kabla hamjayapeleka." Yeye.

Jioni mama yako alilifungua lile fundo. Nguo za Wakesho alizirudisha kambani moja moja, akazikunjua, akazikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. Akasema nyumba ya reli ina mwenyewe, na ni kweli, mtu mpya wa taa anakuja mwisho wa mwezi, wamekwisha niambia nitoke. Akasema kwake Mghange kuna chumba. Twende wote wawili. Nikishindwa na baridi ya mlimani niende kwetu Taveta, mtoto mgongoni, hakuna atakayenishika. Halafu baada ya kitambo, huku anamenya kiazi, akauliza bila kunitazama:

"Ukuta wangu ni wa udongo. Tundu litakaa?"

Nilimwambia tutalitoboa kwenye ubao wa dirisha.

Basi tunakwenda, Baba Wakesho. Vitu vyangu ni vichache. Uzi wako nimeukunja kwenye kijiti. Kioo hawakukirudisha, walikichoma na vyote, ingawa sijui kioo kinachomwaje.

Nimefunga mlango sasa hivi, nikashika karatasi hii mbele ya tundu kabla sijaimaliza. Watu wa bombani wanatembea juu ya maneno yangu, miguu juu, na debe limepita juu ya jina lako. Pale uliposimama kwa mikono pako wazi. Mchanga tu, na mbingu chini yake.

Kuna jambo nalifikiria nikimnyonyesha. Ulisema mwanga haujui kupinda kona. Basi ule uliogusa nyayo zako siku ile, zilipokuwa zimeelekea juu, na haukuingia tunduni kwangu wala jichoni kwa mtu yeyote, ulikwenda wapi? Hapo juu hapakuwa na ukuta. Ulikwenda mbele. Haujarudi, kwa sababu hauwezi kurudi, na haujasimama, kwa sababu haumngoji mtu. Uko mahali fulani saa hii na picha ya nyayo za mume wangu zenye mchanga, mzima, hauna mkwaruzo.

Lala, Mwakio. Mama yako amekulia, jina lako limesafika hapa bombani, na huko mlimani nitalisafisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kila atakayekubali kukaa gizani kidogo. Wakesho nitamfundisha kusoma kupita nilipofika mimi. Nitamfundisha uzi. Akianza kutembea nitamfungia ndani mchana wa jua, nitoke uani, na siku hiyo, nguo iruhusu isiruhusu, nitajaribu kwa mikono.

Nilimwonyesha ukuta leo asubuhi. Amenyoosha kidole, mate yanamtoka, amegeuka kunitazama kama anayeuliza ni nani huyo. Nilitaka kumwambia vizuri, kama misheni. Ulimi ulikataa. Nilimwambia kama ungemwambia wewe.

Mwanga, mama. Anaingia. Ametoka mbali.

Ni mimi, Mtaveta wako,
Mama Wakesho